Wamefika Kaunti Gani? Kisa cha Runinga za Kenya na Hesabu za Agosti 2022

Jumatano jioni, tarehe 10 Agosti 2022, nilikuwa nimeketi kwa kinyozi mtaani Majengo, Mombasa, nikingoja zamu yangu. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika jana yake. Ukutani palikuwa na runinga moja, na rimoti ilikuwa ikitoka mkono huu na kuingia mkono ule. Stesheni moja imemweka William Ruto mbele katika mbio za urais. Ukihamia ya pili, Raila Odinga ndiye anayeongoza. Ya tatu, pengo ni jembamba kama uzi. Kijana aliyekuwa akichongwa ndevu akasema, "Toa hiyo, hiyo imenunuliwa." Mwenzake akamjibu kwamba iliyonunuliwa ni ile waliyotoka kuitazama. Mzee mmoja pale benchini, aliyewahi kuwa karani wa uchaguzi, akauliza swali moja tu: "Kwani hao wamefika kaunti gani?"

Hakuna aliyemjibu. Skrini iliyokuwa mbele yetu ilisema ni fomu ngapi zimeshajumlishwa, ila haikusema zilikuwa za wapi.

Tangu siku hiyo nimesikia kisa hiki kikisimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba runinga zetu zina wenyewe, na kwamba zilikuwa zikimpikia kila mtu chungu chake. Nimekifuatilia kwa sababu kinanigusa: mimi ni mtu wa habari, na habari za usiku nimezitazama tangu utotoni kama wengine wanavyosikiliza adhana, kwa kuziamini. Nilichokiona ni kwamba tofauti za zile hesabu zinaelezeka bila kumtaja mwizi yeyote. Ila shaka ya watu nayo ilikuwa na sababu zake, nazo ni nzito. Vyumba vya habari vilikuwa na saa chache za kutenganisha mambo hayo mawili mbele ya watazamaji, na saa hizo zikapotea.

Tuanze na fomu zenyewe. Katika kila kituo cha kupigia kura, kura zikishahesabiwa, msimamizi hujaza Fomu 34A kwa mkono, mawakala wa wawaniaji hutia saini, nakala moja hubandikwa mlangoni, na picha ya fomu hutumwa kwa kifaa cha KIEMS, mtambo wa kielektroniki wa kutambua wapiga kura na kupeleka matokeo. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na hakuna kituo kilichopangiwa zaidi ya wapiga kura 700. Picha hizo ziliingia katika tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, na yeyote mwenye bando angeweza kuzifungua. Ndani ya siku moja tu baada ya kupiga kura, zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa zimeshafika.

Kwa nini tume ilitoa picha tupu bila kuweka jumla ya urais? Jibu liko mwaka 2017. Mwaka huo tume ilirusha tarakimu moja kwa moja, runinga zikazionyesha papo hapo, wakati fomu za kuzithibitisha hazijaonekana. Muungano wa NASA, uliokuwa wa Raila, ukalalamika kwamba pengo kati ya wawaniaji wawili lilikuwa likikaa vile vile saa baada ya saa, kana kwamba kuna mtambo unaolipanga. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi ule wa urais, na jinsi matokeo yalivyopeperushwa ikawa miongoni mwa sababu kubwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo 2022 tume iliamua: fomu hizi hapa, jumlisheni wenyewe.

Ulikuwa uamuzi wa uwazi ambao nchi nyingi hazijathubutu kuufanya, nami nausifu hadi leo. Lakini ulihamisha kazi nzito kutoka Bomas of Kenya, ukumbi ambako tume ilijumlishia kura za urais, hadi vyumba vya habari. Zile zilikuwa picha za mwandiko wa watu wengi mbalimbali. Kuna saba inayofanana na moja, kuna fomu iliyopigwa picha kwenye mwanga hafifu, kuna tarakimu iliyofutwa ikaandikwa upya pembeni. Ilibidi mtu afungue picha, asome, apige tarakimu kwenye jedwali, afunge, afungue nyingine. Royal Media Services yenye Citizen TV ilifanya kivyake, Nation Media Group yenye NTV kivyake, Standard Group yenye KTN kivyake. Kila chumba na meza zake, vijana wake, mpangilio wake.

Mpangilio ndio kiini cha kisa chote, na mzee wa benchini alikuwa ameuona.

Kaunti za Kenya zina namba. Namba 001 ni Mombasa, 002 Kwale, 003 Kilifi, na kuendelea Pwani yote hadi 006, Taita Taveta. Chukua chumba cha habari kinachofuata orodha hiyo kuanzia juu. Saa za mwanzo kitakuwa kinamwaga kura za Pwani, ambako Raila alikuwa na ngome ya miaka mingi, na mtazamaji ataona Azimio, muungano wa Raila, inapaa. Kikifika namba 018 hadi 022, yaani Nyandarua, Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu, eneo la Mlima Kenya linageuka rangi, Ruto anaruka mbele. Kikiingia 027 Uasin Gishu, 028 Elgeyo Marakwet na 029 Nandi, pengo linazidi kupanuka. Halafu zinakuja 041 Siaya, 042 Kisumu, 043 Homa Bay na 044 Migori, na pengo lile lile linayeyuka kwa saa chache tu. Nairobi, yenye wapiga kura wengi kuliko kaunti nyingine yoyote, ni namba 047, ya mwisho kabisa.

Sasa chukua chumba kingine ambacho kimegawa nchi kwa mikoa ya zamani na kuipa kila meza mkoa wake, huku meza moja ikiwa na vijana wepesi na nyingine ikiwa imekwama. Au cha tatu kinachochota fomu kadiri zinavyoingia, mijini kwanza kwenye mtandao mzuri, Turkana na Mandera baadaye. Fomu ni zile zile, uaminifu ni ule ule, na bado saa nne usiku vyumba vitatu vitakuwa na viongozi wawili tofauti.

Kulikuwa na jambo jingine lililofanya hali iwe ngumu zaidi, nalo ni wembamba wa ushindi wenyewe. Matokeo yaliyotangazwa tarehe 15 Agosti yalimpa Ruto kura 7,176,141, asilimia 50.49, na Raila kura 6,942,930, asilimia 48.85. Tofauti ni kura 233,211. Nilipozigawa kwa vituo 46,229 sikuamini mara ya kwanza, nikarudia: ni kura tano kwa kituo. Tano. Uchaguzi ulioamuliwa kwa wastani wa kura tano katika chumba cha darasa chenye wapiga kura hadi 700 hauwezi kuonyesha mshindi kwa hesabu ya nusu njia, hata wajumlishaji wakiwa malaika. Kila jumla ya muda mfupi ilikuwa inaeleza zaidi mahali meza ilipofika kuliko nchi ilichoamua.

Kuna njia ya kupata picha mapema, nayo ilitumika mwaka ule ule. Kundi la waangalizi la ELOG lilichagua kabla sampuli ya vituo kutoka nchi nzima, kwa bahati nasibu ya kitakwimu, likaweka waangalizi katika vituo hivyo. Makadirio yake yalikuja kuwiana na matokeo ya tume. Vituo vichache vilivyoteuliwa kwa utaratibu vilisema mengi kuliko maelfu yaliyochotwa kwa orodha. Laiti mhariri mmoja angesimama mbele ya kamera akaeleza hivyo kwa dakika tatu, kwa Kiswahili cha kawaida, kijana wa Majengo angekuwa na la kujibu.

Lakini tusimlaumu kijana haraka. Alikuwa anajua mambo.

Alijua kwamba S. K. Macharia, mwenye Royal Media Services, hakuficha kwamba anamuunga mkono Raila. Alijua kwamba Standard Group inahusishwa na familia ya Moi, na kwamba Gideon Moi na chama chake cha KANU walikuwa ndani ya Azimio. K24 ni ya Mediamax, inayohusishwa na familia ya Kenyatta, na Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa baraza la Azimio. KBC ni ya serikali. Ibara ya 34 ya Katiba inavitaka vyombo vya serikali visiegemee upande na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana, lakini serikali ya siku zile ilikuwa imeshatangaza chaguo lake. Kati ya stesheni kubwa, ni Nation tu, ambayo Aga Khan alikuwa mwanahisa wake mkuu, isiyokuwa na mwenye nyumba aliyejulikana kwa upande wake katika kinyang'anyiro hicho. Mfuasi wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, akitazama orodha hiyo, utamwambiaje asishuku? Kumiliki stesheni si sawa na kuandika habari zake, na nimefanya kazi na wahariri waliokataa simu za wenye mali. Hata hivyo mtazamaji hawezi kuiona simu iliyokataliwa. Anachokiona ni jina la mwenye nyumba.

Mfuasi wa Azimio naye alikuwa na kumbukumbu zake. Tarehe 30 Desemba 2007, Mwai Kibaki alipotangazwa mshindi dhidi ya Raila na ghasia zikaanza, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Park, mitambo ya Citizen, Inooro, NTV na KTN News ilizimwa. Mahakama iliagiza zirudishwe tarehe 1 Februari. Citizen na Inooro zilikaa gizani hadi tarehe 8. Kwake yeye, runinga ni kitu ambacho dola hukizima pale tu ukweli wake unapotaka kuonekana. Akiona mwaniaji wake yuko nyuma kwenye skrini, haoni hesabu, anaona 2007 inarudi.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi tulikuwa tumeona sinema fupi ya kutoaminiana huku. Mdahalo wa wawaniaji urais ulipangwa tarehe 26 Julai katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Karen. Kambi ya Ruto ilitangulia kulalamika kwamba vyombo vya habari vimeegemea upande, ikatishia kutofika, ikataka mada za kilimo, afya na uchumi zipewe muda wa kutosha. Kisha Ruto akafika, na aliyesusa akawa Raila, ambaye upande wake ulisema hautapanda jukwaa moja na mpinzani anayetaka kukwepa maswali ya ufisadi na uadilifu. Jukwaa moja, waandaaji wale wale, na kila kambi ikiwa na sababu yake ya kuona kwamba limetegwa kwa ajili yake.

Wasomi wamelichunguza jambo hili muda mrefu. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watafiti Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper walichukua habari za runinga kuhusu mauaji ya Sabra na Shatila ya mwaka 1982 kule Beirut, wakawaonyesha wanafunzi waliounga mkono Israel na waliounga mkono Waarabu. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 1985. Vipande vilikuwa vile vile, na kila upande uliona kwamba vimeegemea upande wa pili. Kilichonishangaza ni kwamba waliolijua suala hilo kwa kina ndio walioona upendeleo zaidi. Mtu aliyezama katika siasa anajua yote ambayo habari ya dakika mbili imeyaacha, na kila kilichoachwa kinamuuma kama kimefichwa kwa makusudi. Kwa kinyozi Majengo waliokuwa wakipiga kelele zaidi walikuwa wale wanaozijua kata kwa majina. Asiyejali siasa alikuwa kwenye kiti kingine, anasinzia chini ya mashine.

Sasa tufike penye kosa.

Tofauti zilipozidi kuonekana, mwenyekiti wa tume, marehemu Wafula Chebukati, aliwaambia Wakenya wasiingiwe na hofu, kwa kuwa fomu ni zile zile na hatimaye jumla zitakutana. Alisema kweli. Baraza la Habari la Kenya nalo likakiri kwamba watu wana wasiwasi, likasema linazungumza na wahariri ili matokeo yanayotolewa yawiane. Nia ilikuwa njema. Lakini neno lenyewe, kuwianisha, liliwasha moto mpya: ikiwa kila mmoja anasoma fomu ile ile, kinachowianishwa ni nini? Mtaani lilieleweka kama kupanga.

Halafu hesabu zikapungua kasi, na kufikia Ijumaa tarehe 12 zilikuwa zimesimama au karibu kusimama. Tarakimu ziliganda kwenye skrini. Vipindi viliendelea, wachambuzi wakaendelea kuzungumza mezani, na kona ile iliyokuwa ikipanda kila dakika kumi ikabaki ilivyo, bila maelezo yanayoeleweka. Sababu zilizotajwatajwa zilikuwa uchovu wa wafanyakazi, hofu ya wadukuzi, na hiyo hamu ya kuwiana. Naamini uchovu. Watu walikuwa hawajalala siku tatu, wanasoma miandiko elfu kwa elfu. Ningependa wangesema hivyo hewani. Ningependa mtangazaji angetazama kamera na kusema: tumefikia fomu hizi, zilizobaki ni za kaunti hizi, tunasimama kwa saa nane kwa sababu macho yetu yamechoka na tunaogopa kukosea, tutarudi saa kumi na mbili asubuhi.

Badala yake ukaja ukimya, na ukimya huo ulikaliwa na wengine. Kwenye WhatsApp zilizagaa picha za skrini za stesheni pale tu mwaniaji wa mtu alipokuwa mbele, zikatumwa kama matokeo, zikakaa kwenye simu za watu hadi tarehe 15. Kundi langu la familia lilikuwa na picha mbili zinazopingana, zote halali, zilizopigwa saa tofauti kutoka stesheni tofauti. Binamu zangu wawili waliacha kusalimiana kwa sababu hiyo hadi mwezi wa kumi.

Jumatatu ya tarehe 15 makamishna wanne kati ya saba, wakiongozwa na Juliana Cherera, walijitenga katika hoteli ya Serena na kuyakataa matokeo muda mfupi kabla Chebukati hajayatangaza Bomas. Nchi iliyokuwa tayari imeona runinga zake zikipingana sasa iliona tume yenyewe imegawanyika. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome ilisikiliza kesi, ikaagiza ukaguzi, na tarehe 5 Septemba ikathibitisha ushindi wa Ruto kwa kauli moja. Zile fomu 34A za tovutini, ambazo runinga ziliziacha njiani, zikawa sehemu ya uti wa mgongo wa kesi.

Yaliyofuata nayataja kwa ufupi, kwa sababu yanaonyesha kwamba aliyelalamikia upendeleo akishinda hazibi mwanya, anaugeuzia kwake. Juni 2023 Moses Kuria, waziri katika serikali ya Ruto, alizitaka idara za serikali ziache kutangaza na Nation, na alipoulizwa hakurudi nyuma. Machi 2024 ikatoka amri kwamba matangazo ya serikali ya runinga na redio yaende KBC. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, mamlaka ya mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja yakome, mitambo ya stesheni kadhaa ikazimwa, na mahakama ikasimamisha amri hiyo siku hiyo hiyo. Stesheni iliyokuwa ikiitwa ya Azimio mwaka 2022 leo inashukiwa na wengine wengi, kwa sababu nyingine.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Raila alifariki Oktoba 2025, Chebukati alifariki mwezi wa Februari mwaka huo huo, na tume ina makamishna wapya. Ikiwa fomu zitawekwa tena tovutini, nawaomba wahariri ninaowafahamu mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi: waamue mpangilio wa kujumlisha kabla ya siku ya kura na wautangaze, waweke kwenye skrini, chini ya asilimia, orodha ya kaunti zilizokamilika na zilizobaki, wataje hewani, kila saa, mwenye stesheni ni nani na anamuunga mkono nani, ikiwa amesema hadharani, na wakichoka, waseme wamechoka.

Mzee wa benchini bado yupo, kinyozi ni yule yule. Mwezi uliopita nilimkumbusha swali lake. Akasema usiku ule alirudi nyumbani, akachukua daftari la mjukuu wake na kuandika kaunti 47 kwa kufuata namba, akawa anaweka alama pembeni ya kila moja kadiri alivyoweza kubahatisha kutoka maneno ya watangazaji. Alifika namba 31, Laikipia, kisha hesabu zikasimama. Daftari bado analo.